Radi ya Jupita Kwenye Mparachichi wa Mpakani

Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2024

Radi imepiga mparachichi wangu! Ule wa mpakani, ambao jirani yangu Ntabaza anadai ni wake. Mwongo. Majani bado yanachuruzika maji, yeye tayari yuko pale na panga, anakata kuni. Nikamwambia atoke. Akanijibu, "Mzee Nzabonimana, radi haikukuuliza, na mimi sikuulizi." Dharau gani hiyo! Mimi niliyejenga nusu ya nyumba za Mururu hii!

Nikaenda kwa Aimable, katekista. Alisoma Kilatini seminarini, hakumaliza, lakini mambo ya Waroma anayajua. Kumbe walikuwa na mungu mkubwa wa mbinguni, Jupita. Radi ni silaha yake. Pahali alipopiga walipazungushia ua, muntu hakanyagi tena. Nikauliza nani alipalinda. Akasema makuhani. Basi! Mudugudu huu wote, kijiji kizima, kuhani wa Jupita ni nani kama si mimi? Aimable hawezi, ni katekista. Nimezungushia mti fito za mkaratusi. Maparachichi ni ya mlinzi.

Jumamosi, tarehe 30

Kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, Ntabaza akanishitaki mbele ya bantu wote. Nikapanda juu ya lundo la udongo, nikawafundisha: akipiga Jupita, mwenye pahali anahama, anayejenga ua ndiye mlinzi. Walicheka mpaka wakaacha majembe. Maman Patricie, mkuu wa mudugudu, akauliza kama sheria hiyo ni ya kila muntu. Nikasema kila muntu! Akasema, "Sawa Papa, tumesikia sote." Nimeshinda. Ntabaza alikuwa kama anatabasamu, lakini ni meno yake tu yako vile.

Jumatatu, tarehe 2 Desemba

Hapa kila muntu anajua radi inapenda nyekundu. Mvua ikianza, hata batoto wanavuliwa shati jekundu. Kwa hiyo, Ntabaza akiwa sokoni Kamembe, nimefunga kitenge chekundu cha mke wangu kwenye mgomba wake wa katikati. Wingu linakuja kutoka upande wa Bukavu, jeusi kama masizi. Shamba lote la migomba litakuwa la Jupita, yaani langu. Akili ninayo!

Jumanne, tarehe 3

Haki iko wapi?! Wingu la jana lilipita bila kufanya kazi. Leo asubuhi Mukabaranga, mke wangu, akaona kitenge chake kwa jirani. Akakitoa, akakifua, akakianika juu ya paa la jiko letu. Bila kuniuliza! Mchana, radi. Jiko limekwisha, maharage yote chini. Hakuna aliyeumia, sababu Mukabaranga alikuwa kwa Ntabaza, anatafuta mwizi wa vitenge.

Moshi haujaisha, Ntabaza huyo, fito begani. Amezungushia jiko langu na nusu ya uwanja, anapiga mluzi. Nikamwambia hili ni jiko, si mti! Akasema, "Papa, Jupita hachagui. Si ulisema wewe?" Patricie naye, mikono kiunoni, akasema mlinzi ni aliyejenga ua. Wameniibia sheria yangu!

Alhamisi, tarehe 5

Sasa tunapika kwa Ntabaza. Aibu. Maparachichi naleta mimi, yeye anagawa! "Ongeza, Mzee, usione haya." Mukabaranga anasema ning'oe ua wangu, na Ntabaza atang'oa wake, tugawane matunda, yaishe. Yaishe? Kamwe!

Nilirudi kwa Aimable. Kumbe Waroma walikuwa pia na mungu mdogo wa mipaka, jiwe tu. Walipomjengea Jupita nyumba, miungu wengine wakampisha. Jiwe likakataa. Hata Jupita mwenyewe akaliacha!

Tangu asubuhi nimesukuma jiwe moja zito sana, mgongo umekufa. Nimelifikisha mbele kabisa ya mlango wa jiko la Ntabaza, ule unaotazama nyumba yake. Huo ndio mpaka mpya. Mukabaranga yuko ndani na sufuria ya moto, anapiga kelele kwamba nimemzibia njia. Wanawake! Hajui kwamba sasa yuko kwetu.