Mfungwa wa Kibanda cha Zana

Jumatatu, 26 Mei
Makinda wanakaribia kuruka! Kelele zao zinafika jikoni. Na yule kindi wa kijivu karudi. Kakaa juu ya kijumba cha ndege, anatafuna ukingo wa tundu utadhani analipa pango. Mwaka jana aliwala wote. Beryl, mke wangu, hakukanyaga bustanini mwezi mzima. Safari hii kasema wazi: wakiliwa tena, kijumba kinang'olewa, na nisimtajie ndege maishani. Nimepaka nguzo ya kijumba mafuta ya nguruwe. Apande tuone!

Jumanne, 27 Mei
Hakuteleza. Kayalamba yote. Pargeter, jirani yetu, alichungulia juu ya ua, akacheka. Yeye humlisha kindi huyo biskuti na kamwita Rupert. Eti, "Asante jirani, alishachoka na biskuti zangu." Nikamjibu leo hali ya hewa ni nzuri. Ndivyo tunavyotukanana huku Shropshire.

Jumatano, 28 Mei
Nimechanganya pilipili kwenye karanga za ndege. Ndege hawasikii ukali, kindi anausikia. Sayansi hiyo! Upepo ukageuka. Jicho la kushoto halifunguki. Beryl kanisafisha kwa maziwa kama mtoto mchanga. Afadhali angenigombeza. Nimenunua mtego wa waya.

Alhamisi, 29 Mei
Nimemnasa! Nikamwita Pargeter aje ajionee. Ujinga mtupu! Kanisomea sheria: ukishamkamata kindi wa kijivu, kumwachia ni kosa, kumfuga ni kosa. "Kwa hiyo, Gilbert, kilichobaki unakijua." Nikamwambia naona mvua inakuja. Nikachukua koleo. Kindi akanitazama, mikono kaikunja kifuani. Sikuweza. Nimemficha kwenye kibanda cha zana, nimemfunika blanketi. Miaka yote niliyofanya kazi posta sikuiba hata stempu. Leo mimi mhalifu!

Ijumaa, 30 Mei
Gari la polisi limesimama mtaani kwetu! Nikajifungia kibandani, jasho linanitoka. Kumbe wamefuata samaki na chipsi. Mfungwa kakataa mkate. Anataka karanga za ndege. Nimempa, anapokea mkononi mwangu kwa adabu kabisa. Beryl kauliza mbona nanuka. Nimesema mbolea.

Jumamosi, 31 Mei
Nilikuwa nambadilishia mfungwa maji. Beryl akapiga kelele nje: "Gilbert! Gilbert, wewe!" Nikajua yamenifika. Nikajibanza nyuma ya mashine ya kukata nyasi, pumzi nimeibana. Akaita, akaita, akanyamaza. Kumbe makinda walikuwa wanaruka! Wote, mmoja mmoja, salama salimini. Nilipotoka, kijumba kitupu. Beryl analia kwa furaha, kamshika mkono Pargeter kwa kuwa mimi sikuwepo. Akaniuliza taratibu nilikuwa wapi. Nikasema mbolea. Wiki nzima nimewalinda, sikumwona hata mmoja. Imeniuma sana.

Jumapili, 1 Juni
Nilikata shauri: leo nakiri kila kitu kwa Beryl. Nikaenda kwanza kibandani kumwangalia mfungwa. Mungu wangu! Rupert kazaa. Vitoto vinne, havina hata unyoya, macho yamefumba. Siwezi kukiri sasa, tumeshakuwa wahalifu sita. Nimevua fulana yangu ya sufu, nimewafunika. Beryl nimemwambia kibandani kuna nyigu, asisogee. Nimenunua mtego wa pili, mkubwa zaidi. Watoto hawawezi kulelewa bila baba.