Magunia ya Mchovya Vyuma

Mtelezo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu shavuni, redio iliposema kwamba nyuzi nyeupe za uyoga hunasa madini ya sumu yaliyomo majini. Kinyozi akadakia kwamba jirani yake, mchovya vyuma, Ijumaa atafungiwa karakana na mkaguzi, maana maji anayomwaga yameua bata wa mtaa mzima. Kufa kufaana. Mtelezo hakungoja kunyolewa shavu la pili.

Alikwenda kwa shangazi yake anayelima uyoga, akajitolea kumtupia magunia ya maranda yaliyokwisha kuvunwa uyoga, nyuzi nyeupe zikiwa bado ndani. Shangazi alimwombea dua kwa machozi, kwani mtoto huyo hakuwahi kumsaidia hata kufunga mlango. Jioni magunia yaleyale yalishuka karakanani yakiwa na jina jipya la ng'ambo.

Mchovya, mzee bahili mwenye vidole vya kijani, kazi yake ni kuipa koki sura ya fedha na bangili ya shaba sura ya dhahabu. Alisikiliza sifa za magunia mpaka mwisho, akasema taslimu hana. Kisha akavua mkufu mnene shingoni.

"Huu aliniachia marehemu mama," alisema, sauti ikitetemeka. "Usije ukaniponza, mwanangu."

Mtelezo aliupokea kwa uso wa msibani, na moyoni akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Ijumaa asubuhi sonara aliusugua kwenye jiwe lake, akamrudishia. "Shaba," alisema. "Ila aliyeuchovya ni fundi."

Mtelezo alirudi karakanani amefura kwa hasira. Akamkuta mkaguzi akifunga chupa zake za kupimia maji na kumpongeza mchovya kwa maji safi yanayotoka kwenye magunia. Pembeni, juu ya kiti cha wageni, alikuwa ameketi shangazi. Mchovya alikuwa ameulizia mtaani nani analima uyoga, na sasa walikuwa wakipatana bei ya magunia yajayo.

Mtelezo aliunyanyua mkufu ili alalamike. Tangu azaliwe alikuwa ameuza kitu cha kweli mara moja tu, na mara hiyo ndiyo aliyolipwa bandia.

"Kumbe ulikuwa ukinitafutia mteja, baba," shangazi alisema kwa furaha. "Na huo mkufu mkononi?"

Mtelezo alimtazama mchovya. Mchovya akatazama dari.

"Wako, shangazi," Mtelezo alisema. "Dhahabu tupu. Nitakuachia kwa bei ya kindugu."