Dagaa wa Bure Nkome

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Na msinionee huruma, maana programu yangu ilifanya kazi!

Nilikuwa Nkome kwa Mama Kulwa, mwenye dagaa wengi kuliko wote pale mwaloni, ufukweni mwa ziwa wanakoshusha samaki. Alitaka programu ya kuwatumia wateja ujumbe wa bei mitumbwi ikirudi. Akiipenda, kazi ni yangu. Asipoipenda, narudi Geita mjini kutoa fotokopi. (Na cheti changu cha kompyuta, ndiyo.)

Faili la kutuma ujumbe nilishaliandika wiki iliyopita. Chini kabisa niliweka majaribio: tuma kwa kila namba, "DAGAA BURE LEO. NJOO NA NDOO." Namba iliyokuwemo ilikuwa yangu tu. Nikacheka peke yangu. Jana nikaingiza namba za wateja wote, na ya Mama Kulwa mwenyewe. Majaribio nikayaacha palepale.

Leo, mbele ya Mama Kulwa, nikafungua faili jipya la bei. Nilitaka kuazima kipande kimoja tu kutoka lile la zamani, kile cha kupanga bei. Nikaandika import kwa madaha. Nikabonyeza.

Sasa, kwa wasiojua: Python, lugha niliyoandikia programu, ukiiambia iazime kitu kwenye faili jingine, inaliendesha faili lote, juu mpaka chini, hata kama umeomba kipande kidogo. Ipo njia ya kuyazuia majaribio yasijiendeshe faili likiazimwa hivyo. Ni mstari mmoja tu, na sikuuweka. (Ninaujua! Nimewafundisha wenzangu!)

Simu ya Mama Kulwa ikalia. Ya jirani yake ikalia. Mwalo mzima ukalia.

"Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, akasema akisoma taratibu, "nani kasema dagaa wangu ni bure?"

"Mama, hayo ni majaribio tu."

"Na wale?"

Nikageuka. Akina mama wanakuja na ndoo. Mmoja kajitwisha beseni. Nyuma yao baba mzima anasukuma toroli!

"Shikamoo Mama Kulwa! Mungu akuzidishie!"

"Marahaba. Mwenye kugawa ni huyu hapa," akasema, kidole kikinielekea mimi.

Nikapanda juu ya kreti, nikatangaza kuwa hakuna cha bure. Nilizomewa jamani! Mwenye toroli akaniita tapeli. Nikakunja kompyuta yangu niondoke, machozi yakinilengalenga.

Mama Kulwa akanishika mkono. "Unakwenda wapi? Hawa mimi nikiwapigia hawapokei. Wewe umewaleta wote chai yangu haijapoa. Kesho uje uanze."

Haya, chekeni. Ila niambieni, programu zenu nyie zimewahi kumtoa nani nyumbani na toroli?