Vizuia Tope Nilivyofunga kwa Heshima ya Mama Mkwe

Mbalibali,
13 Mei 1957

Kwa Mzee Mniko, Baba Mkwe wangu ninayekuheshimu,
Kenyamonta.

Shikamoo Baba. Mimi mkweo Mseti ni mzima, ng'ombe hawajambo, mtama umeota vizuri, na kama si haya nitakayoyaeleza hapa chini ningesema sina neno. Naandika kwa adabu kulalamika kwamba tangu Jumapili ya Matawi binti yako Mokami, ambaye ni mke wangu, yuko kwako na hatakiwi kurudi, ati kwa sababu gari langu halina adabu.

1. Kuhusu tope lenyewe. Sikatai kwamba Mama Mkwe alikuwa amesimama kando ya barabara na gauni jeupe la kanisani, wala kwamba baada ya mimi kupita halikuwa jeupe tena. Lakini Baba, wewe ni Mkurya na mila unazijua. Mtu hamkazii macho mama mkwe wake. Nilipomwona kwa mbali niligeuza uso kama nilivyofundishwa, nikaendelea kuendesha huku nikitazama mbuzi wa jirani yako. Aliyegeuza uso ataonaje dimbwi? Mkwe asiye na adabu angemtazama, angeliona dimbwi, na gauni lingepona. Kwa hiyo tope lile ni ushahidi wa malezi yangu mema. Nimeshtakiwa pia kwamba sikusimama kuomba radhi. Ningeomba nikitazama wapi?

2. Ulisema mbele ya shemeji Simoni kwamba gari langu liko uchi kwa nyuma, na Mokami hatalipanda mpaka livishwe. Nilitii. Huku kwetu hakuna gereji. Fundi ni mimi, na msaidizi ni jirani yangu Athanas, katekista. Vizuia tope vya kwanza nilivikata kwenye ngozi ya ng'ombe, nikavifunga kwa waya nyuma ya magurudumu. Fisi wakavila vyote, wakaacha waya. Sikukata tamaa. Nilichukua tairi lililoisha, nikalikata kwa panga, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto mpaka nyumba nzima ikanuka, nikavikaza kwa boliti na nati. Kisha nikachuchumaa nyuma ya kimoja, Athanas akakipiga kwa ndoo ya maji kutoka upande wa gurudumu. Nililowa magoti tu. Athanas yuko tayari kuapa.

3. Kwa kuwa siwezi kumkaribia Mama Mkwe na kumsemesha, niliona vizuia tope vinisemee. Niliandika kwa rangi nyeupe, cha kushoto SHIKAMOO, cha kulia MAMA, nikapita mbele ya boma lako polepole ili asome. Kuna mkwe gani kutoka Tarime hadi Mugumu aliyewahi kufikiria jambo hilo? Jibu nililoletewa ni kwamba nimemwamkia mkeo kwa matako ya gari. Niliumia sana, Baba. Mbele sikuandika kwa sababu tope halirukii mbele.

4. Kwa uchungu wa jibu hilo nilirudi nyuma kwa haraka ili nigeuze gari, gurudumu likakanyaga kile cha MAMA kikang'oka. Sasa gari linasema SHIKAMOO peke yake, kwa yeyote aliye nyuma. Watoto wa shule walilikimbilia wakiitikia "Marahaba", mimi mtu mzima mwenye mke na ng'ombe. Heshima niliyomkatia mtu mmoja sasa inagawiwa hovyo njiani, na chanzo ni wewe.

Kwa hiyo naomba Mokami arudishwe, na Mama Mkwe aitikie salamu yake, hata kwa kumtuma mtu. Kama bado mna wasiwasi na tope, basi boma lako lisogezwe mbali na barabara. Miti ya kujengea nitaleta mimi.

Nisalimie Simoni, shangazi Agustina na wote wa nyumbani. Mama Mkwe pia namsalimu, nikiwa nimetazama pembeni.

Ni mimi mkweo nisiye na kinyongo,
Mseti Nyangwine

Nyongeza: Barua hii nilikusudia kuileta kwa gari. Gari hili haliwaki bila kusukumwa. Siku ile niliyopita kwenu na salamu nilikuwa nimeliacha mtelemkoni, likawaka kwa kuteremka. Leo Athanas ameshika usukani, mimi nimesukuma. Nimekuwa nalo kwa masika mawili, na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusimama nyuma yake magurudumu yakizunguka. Gurudumu lilizunguka, tope likapita chini na kando ya kizuia tope, likanijaa kifuani na mdomoni. Madoa unayoyaona kwenye karatasi ndiyo hayo. Kusukuma huko kulikuwa kazi ya Mokami kila asubuhi. Mimi nilikaa mbele nikimwambia akaze. Hakuwahi kusema kitu, nami nikadhani kule nyuma ni pakavu. Baba, futa yote kuanzia namba moja. Usimwambie arudi. Nakuja kwa miguu, nami nitangoja nje ya boma mpaka atakapotaka kunisemesha.