Ngozi Inayolia Kiunoni

Jumatatu, 3 Juni

Denise amepiga simu kutoka Minnesota. Anakuja na Josie tarehe kumi na tatu, watakaa siku kumi. Mambo yakienda vizuri, yeye atarudi peke yake na Josie atabaki nasi Julai nzima. Julai nzima! Mjukuu wangu ana miaka sita, na maishani mwake nimekaa naye siku kumi na moja tu.

Sharti ni moja. Mtoto akiwa nyumbani, bastola ya Babu ikae ndani ya sefu. Siku zote, si usiku tu. Nikasema sawa, binti yangu. Nilisema haraka mno. Lorene, mke wangu, akaniangalia juu ya miwani.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma. Miaka kumi na tisa sijatoka mlangoni bila bastola. Tangu ile Ijumaa dukani, nilipokuwa nauza vyakula vya mifugo. Nililazwa kifudifudi katikati ya magunia ya chakula cha vifaranga, buti la mtu shingoni, nikaomba nisiuawe kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Denise alikuwa chuoni. Hakuambiwa. Hataambiwa.

Kwa hiyo, mpango. Ala yangu ya sasa ya kuchomekea bastola ni ya plastiki, imetokeza kama nundu na inanichubua nyonga. Nikipata ya ngozi, nyembamba, ya kulala ndani ya suruali, nani atajua? Julai Denise atakuwa Minnesota. Mtoto hataona kitu. Na ukilitazama vizuri lile sharti, shabaha yake ni mtoto asione. Nimelitazama vizuri sana.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa Efraín Treviño, fundi wa matandiko ya farasi. Anauliza maswali kama daktari. Nakaa kwenye pikapu saa ngapi kwa siku. Nainama mara ngapi. Kitambi kilianza lini. Nikajibu kwamba hakijaanza. Akapima kiuno, akaandika, akapima tena, akaniomba nitoe pumzi kwa uaminifu.

Ala ya kuagiza huchukua miezi mitatu. Lakini alikuwa nazo mbili zilizoachwa na wateja walionenepa, nikachukua moja. Rangi ya chai ya rangi, imeshonwa kwa mkono, inakaa nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Nikaivaa. Nikakaa, nikainuka. Sijawahi kuvaa kitu kizuri hivyo ambacho hakuna atakayekiona. Jambo hilo lilinihuzunisha kidogo.

Akanionya. Ngozi mpya hulia, niivae wiki mbili mfululizo mpaka izoee mwili. Na nisiipake mafuta hata tone. Ngozi iliyolegea hujikunja mdomoni, hugusa kifyatulio, na mtu hujipiga risasi ya paja. Nikasema nimesikia.

Jumapili, 9 Juni

Aibu.

Wilburn Janak ndiye mkuu wa ulinzi wa kanisa letu, wanaume saba wanaovaa mashati nje ya suruali hata siku ya Pasaka. Hujigamba kwamba kwa miaka kumi na moja hakuna binadamu aliyejua bastola yake iko wapi mwilini. Leo nilikaa benchi la mbele yake kwa makusudi, nimwonyeshe kwamba naye hajui yangu.

Ukafika wakati wa sala ya kimya. Nikapiga magoti. Kwiii. Nikasogea kidogo ili inyamaze. Kwiii, kwiii. Padri akafungua jicho moja.

Nje, watu wakila kolachi, vile vimkate vitamu vya plamu, Wilburn akaniwekea mkono begani. "Vernon, ndugu yangu, siku nyingine bata mwache nyumbani." Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia ni kiatu. Akaniuliza nimekivaa wapi hicho kiatu. Lorene alicheka kuliko wote, nami nimeoana naye miaka arobaini na moja.

Jumanne, 11 Juni

Zimebaki siku mbili. Treviño alisema wiki mbili. Mimi sina wiki mbili. Asubuhi nimepaka mafuta ya soseji. Kidogo tu, kwenye mishono.

Mbwa wa jirani amenifuata mpaka posta. Akanisubiri. Akanifuata kurudi. Lorene akauliza kwa nini nanukia staftahi. Mchana mdomo wa ala ulikuwa umelegea kama soksi kuukuu, nikalikumbuka paja langu.

Nikarudi kwa Treviño na kichwa chini. Aliinusa ile ala. Akasema ng'ombe mwenye ngozi ile amekufa mara mbili. Hata hivyo ana roho nzuri. Akaniuzia nyingine, ya mwisho, na akaniazima kipande cha mwerezi chenye umbo la bastola, kile anachofinyangia ngozi. "Ivae na hiki, mzee. Ngozi itazoea, na bastola ibaki ilipo." Mtu mwenye akili. Sikumwambia kwamba amenitatulia mambo mawili kwa mpigo.

Alhamisi, 13 Juni

Wamefika! Josie ana pengo la meno mawili na anatema mate akisema "Texas". Amelisema mara nyingi.

Denise alikwenda kwenye sefu mwenyewe. Akaiona bastola, akafunga, akautia ufunguo ndani ya mkoba wake mpaka siku atakapoondoka. Mimi nilisimama kando kwa heshima. Kiunoni nilikuwa na ala, na ndani ya ala mna kibao. Sijavunja sharti lolote. Hata askofu angenitetea.

La ajabu ni kwamba mwili haujui tofauti. Nikikigusa kibao kwa kiwiko, moyo unatulia. Nimeona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Lorene alinikuta nikibadilisha shati. Hakucheka safari hii. "Mzee, mwambie mtoto wako habari ya dukani. Mwambie tu kwamba unaogopa, atakuelewa." Nikamjibu kwamba baba hamwambii binti yake mambo kama hayo. Akasema haya, na akatoka.

Jumamosi, 15 Juni

Siku njema. Ngozi inalia mara moja tu nikiinama, na kwa sauti ya chini. Josie anafikiri ni magoti yangu. Kila ikilia, naye hujibu "kwiii", kisha tunaendelea na kazi zetu kama watu wazima.

Amempa ndama wetu jina, Pankeki. Amechagua kitanda atakacholalia Julai, kile cha dirishani. Lorene ameniambia kwa siri kwamba Denise ameridhika. Eti amesema, Baba amebadilika. Nilikwenda ghalani, nikakaa juu ya ndoo, nikalia kidogo kwa furaha.

Jumapili, 16 Juni. Siku ya Akina Baba

Baada ya kanisa Josie aliniletea kadi aliyoichora mwenyewe. Mimi, yeye na Pankeki. Akanikumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote. Mkono wake mdogo ukasimama.

"Mama, Babu ana kitu kigumu hapa."

Denise alikuwa anakata keki. Aliweka kisu chini. Sijawahi kuona uso wa mwanangu ukiwa hivyo. Nikainua shati, nikakichomoa kile kitu kwa vidole viwili, nikampa. Kibao. Mwerezi mtupu.

Akakigeuza. Akakinusa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Kipande cha mti, Baba! Unalinda nyumba kwa kipande cha mti!" Lorene akacheka, Josie akacheka bila kujua sababu, nami nikacheka. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote mwaka huu.

Kisha, huku anafuta machozi, akaniuliza kwa upole nakivalia nini.

Mimi ni mtu mkweli. Nikamweleza kwamba ngozi huchukua wiki mbili kulainika, nami nilitaka iwe tayari ifikapo Julai, yeye akiwa ameshaondoka, ili nikiweka bastola yenyewe asiwepo wa kuisikia.

Kicheko kikaisha. Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayenipa nafasi ya kujirekebisha. Nikarudia, vizuri zaidi, na habari za mishono nikaongeza. Lorene alifumba macho.

Denise akasema kwa hiyo siku niliyomwambia sawa, nilikuwa nimeshapanga kumdanganya. Nikamwambia hapana, nilipanga baadaye, baada ya kukata simu.

Mabegi yalikuwa garini kabla keki haijaliwa. Josie aliuliza kama Julai bado ipo. Alilia mpaka garini, kadi akaiacha kwenye kiti. Ufunguo wa sefu Denise aliuweka mezani.

Mlangoni aligeuka. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka. "Baba, unaogopa nini?"

Lorene alinitazama. Nilikuwa na nafasi ya kutosha, hakuna aliyenikatiza.

Nikasema siogopi kitu.

Jumatano, 19 Juni

Nyumba kimya. Lorene hunisemesha kwa habari ya chumvi tu. Nimekaa siku tatu nikijichunguza bila kujipendelea, na leo kosa nimeliona.

Kosa ni mahali. Nyuma ya nyonga ndipo hasa inapofika mikono ya mtoto wa miaka sita akikumbatia. Nimepima kwa futi, kwa kadiri ninavyomkumbuka. Na atarefuka, kwa hiyo kiuno chote si salama, wala kwapa. Lakini hakuna mtoto duniani anayemkumbatia babu yake kifundo cha mguu.

Nimempigia Treviño. Anaweza kutengeneza ala ya kifundoni, ya ngozi laini, yenye manyoya ya kondoo ndani ili isilie kabisa. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akauliza unene wa mguu. Itakuwa tayari Septemba. Hapo nitakuwa na miezi mitatu ya kuizoesha kabla ya Krismasi.

Mchana nimemwandikia Denise barua. Nimemwomba msamaha kwa moyo wangu wote, nikamsihi amlete Josie Krismasi, nikamwapia mbele ya Mungu kwamba kiunoni mwangu hatakuta kitu tena. Nimeisoma mara tatu kabla ya kuifunga. Kila neno ni kweli.