Programu Isiyomjua Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 1 Machi 1993

Mkurugenzi Clément katuita ofisini, mimi na Casimir. Mteja mkubwa tuliyebaki naye, kampuni ya migodi, hataki tena bolti na nati za kiwanda kisichoweka matengenezo yake kwenye kompyuta. Mkaguzi wao anakuja Jumatatu ijayo. Kwa hiyo programu ya matengenezo ichaguliwe kesho. Ziko mbili. Moja ya Kifaransa, disketi tatu. Nyingine ya Kiingereza, disketi nane, imeletwa na Mama Katungu, mfanyabiashara wa Butembo, ndani ya lori lililopita mpakani Sakania na shehena ya sabuni. Disketi zinanukia vizuri.

Casimir ni mkuu wa matengenezo. Mimi msaidizi wake, mwaka wa tisa sasa. Namwita yaya, kaka mkubwa, maana ndiye aliyenionyesha spana inashikwaje. Akasema ya Kifaransa inatosha, ila kwanza tupange kadi zetu, kwa sababu kompyuta haijui kitu ambacho hujaiambia. Maneno ya busara. Nikayapinga palepale. Nikasema ya Kiingereza ndiyo ya kisasa.

Sababu ya kweli naiandika humu tu. Casimir hajui Kiingereza. Tukichukua hiyo, atanihitaji. Mimi niliuza samaki wakavu Ndola, ng'ambo ya mpaka, miezi mitano. Kiingereza changu kinafika kwenye bei ya samaki, hakivuki hapo.

Jumanne, tarehe 2

Majaribio. Nilikaa mbele ya kompyuta, Mkurugenzi kando yangu, Casimir nyuma. Nikawa natafsiri. Nisichokijua nikakitunga. Kioo cha kompyuta kikauliza swali refu. Nililitambua neno moja, lile la "vyote". Nikabonyeza ndiyo. Mifano yote iliyokuja na programu ikafutika. Nikaeleza kwamba ni hatua ya usafi. Mkurugenzi akapendezwa, akasema ile ya Kifaransa haikuwa na usafi.

Akachagua ya kwangu. Casimir alinitazama, kisha akarudi kwenye mashine zake.

Casimir alipotoka, Mkurugenzi akashusha sauti. Kwa jinsi mji ulivyo, alisema, ni afadhali programu iwe mikononi mwa mtu wa hapa. Babu yake Casimir alitoka Kasai kuja kujenga reli. Casimir mwenyewe kazaliwa Kamalondo, humu humu mjini, Kasai hajaiona hata kwa safari ya msiba. Lakini tangu mwaka jana wenye asili ya huko wanafukuzwa Likasi, sasa Kolwezi, na hapa kwetu kuna vijana wanaopita wakichora milango. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni: yule ni mtu wa hapa kuliko mimi. Mimi ni wa Sakania, nimeuona mji huu nikiwa na ndevu. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na vumbi. Nikavifuta.

Jumatano, tarehe 3

Casimir hakuja kazini. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Laurentine, mke wangu, kasikia sokoni kwamba mlango wao umechorwa msalaba. Wanakaa Katuba kama sisi, mitaa minne tu katikati. Akanipa mfuko wa unga, akaniambia niende nikakae nao mbele ya nyumba, nionekane. Mtu wa hapa akikaa mlangoni, vijana wataona haya. Nilikubali. Lilikuwa wazo zuri.

Nilifika kwenye kona. Vijana sita wamesimama mbele ya nyumba, hawana kitu mikononi. Mmoja ananijua, akanisalimu kwa heshima. Nikamjibu kwa heshima. Nikageuka, nikaenda zangu kiwandani, nikafungia unga kabatini.

Niliporudi nilimwambia Laurentine kwamba wameshukuru sana. Akauliza Jeanne, mke wa Casimir, amesemaje. Nikasema amelia. Sijui neno hilo lilinitokaje.

Alhamisi, tarehe 4

Nimeifungua programu. Inataka kuambiwa kila kitu. Mashine ipi, grisi gani, kila baada ya saa ngapi, beringi za namba gani. Visanduku mia mbili na kumi, vyote vitupu. Casimir alishasema.

Nikafungua kabati la kadi zake. Kadi safi, mwandiko wa shule. Ila mashine hazina namba, zina majina. "Mama Mkwe: grisi kabla hajaanza kulalamika." "Shemeji: usimkaze sana, atakulipizia." "Mjane: mwangalie baada ya mvua." Nikawauliza mafundi Mama Mkwe ni ipi. Watatu wakanionyesha mashine tatu. Wa nne akaniuliza kama mkwe wangu anaumwa.

Nikajaza kwa kukisia.

Ijumaa, tarehe 5

Saa nne asubuhi mashine kubwa ya kugonga vichwa vya bolti ilitoa moshi ikakwama. Beringi imeungua. Kwa makisio yangu ilikuwa haihitaji grisi mpaka Desemba. Mkurugenzi akaja mbio, akauliza programu inasemaje. Nikasoma kwenye kioo. Inasema mashine zote ni nzima.

Akaniambia, bila kupaza sauti, kwamba Jumatatu visanduku viwe vimejaa ukweli. Mteja huyu akituacha, kiwanda kinafungwa na watu themanini wanarudi nyumbani, na mimi nitatangulia kuwafungulia geti. Nikauliza kama kuna mtu anajua Casimir yuko wapi. Kumbe kiwanda kizima kinajua. Yuko stesheni na familia yake tangu jana, wanasubiri treni ya Kasai.

Jumamosi, tarehe 6

Nimeenda stesheni na daftari jipya, kalamu mbili na ule mfuko wa unga.

Watu wamejaa mpaka nje. Magodoro, masufuria, cherehani. Mzee mmoja kakaa juu ya mlango wa nyumba yake, kaung'oa na bawaba zake. Nikampata Casimir karibu na ukuta, na Jeanne, na watoto wanne juu ya shuka moja. Njia nzima nilikuwa nikijizoeza kutoa pole. Nikafungua mdomo, nikajisikia nauliza Mama Mkwe ni mashine gani.

Casimir akaniangalia. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ni ile kubwa ya kugonga vichwa," akasema. "Asubuhi njo ya kwanza kusema, na bantu bote tunanyamaza."

Nikaandika: ile kubwa, ndiyo ya kwanza kupiga kelele asubuhi. Akanieleza mahali alipoweka beringi ya akiba, na jinsi ya kuiingiza. Halafu akaendelea mwenyewe, mashine zote kumi na nne, macho kayafumba, kama mtu anayetaja ndugu zake. Mtoto wa mwisho alikohoa. Akamfunika bila kukatiza sentensi.

Tulipofika mashine ya nne Jeanne akaziangalia kalamu zangu na daftari. "Paulin," akasema taratibu, "uko na bic mbili, uko na kaye. Mayi hauna?"

Bomba la maji liko nje, upande wa pili wa barabara. Nikasema naenda sasa hivi. Lakini Casimir alikuwa katikati ya Mjane, na Mjane ana beringi sita. Sikuinuka. Jeanne akachukua sufuria, akaenda mwenyewe.

Aliporudi nikawapa unga. Nikasema umetoka kwangu.

Casimir aliniomba kitu kimoja tu. Juu ya orodha niandike jina lake, ili mambo yakipoa Mkurugenzi akumbuke kwamba kuna mtu wa kumwita. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Mama yangu yuko hai.

Jumatatu, tarehe 8

Jana tulimtengeneza Mama Mkwe kama Casimir alivyoeleza. Leo anagonga kama zamani.

Programu ina kisanduku cha jina la aliyetayarisha orodha. Kinapokea jina moja. Asubuhi niliandika Casimir. Nikakaa nikilitazama. Nikasikia viatu vya Mkurugenzi kwenye ukumbi. Nikafuta.

Mkaguzi alizunguka, akalinganisha kioo na mashine, akaridhika. Akauliza kazi nzuri hii ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akanipa mkono. Mkurugenzi akanipa mkono. Tangu saa sita mimi ndiye Mkuu wa Matengenezo. Kiti cha Casimir kina mto ulioshonwa na Jeanne. Nimeukalia. Ni laini.

Jumatano, tarehe 10

Treni imeondoka jana. Sikwenda kuaga. Laurentine alikwenda. Jeanne alimshukuru kwa unga wa Jumamosi.

Laurentine alimwuliza tena, Jumamosi, si Jumatano? Aliporudi alisimama mlangoni akanitazama. "Weye, Paulin," akasema. Hajasema nami tena.

Alhamisi, tarehe 11

Mjane kasimama. Programu inasema yuko salama. Nimelifungua daftari. Beringi zake humo ni tano. Ya sita sikuiandika. Itakuwa ni pale Jeanne alipoondoka na sufuria, nami nikawa namtazama mgongo.

Mama Katungu ana mtu wake anayesafiri kwenda Mwene-Ditu, kule Kasai treni inakoshushia watu, kakubali kubeba barua. Nimekaa kuiandika. Nilianza kwa kuomba msamaha: ule uchaguzi wa programu, vijana wa kwenye kona, unga, maji, jina. Ukurasa ukajaa kabla sijafika kwenye beringi. Nikauchana. Karatasi haipatikani ovyo siku hizi.

Nikaanza upya na beringi ya sita. Iko upande gani, inataka grisi ipi, kila baada ya siku ngapi, na ajibu haraka. Chini nikaacha mistari miwili ya salamu kwa Jeanne na watoto.

Nimeisoma tena. Ni barua nzuri, haina maneno mengi. Nimetia sahihi: Paulin, Mkuu wa Matengenezo. Ajue anamjibu nani.