Kidudu cha Mzee Onduko

Wenzangu wa maabara, leo nimeaibika mpaka masikio yamewaka. Barua hii itawafikia nikiwa nimepoa. Isomeni kwa hasira hivyo hivyo!

Mnakijua kile kidudu changu cha baharini, jamaa ya kaa, kidogo kuliko punje ya wimbi. Mwaka mzima nimekihesabia miguu kwa hadubini. Mnajua pia kwamba nilikipa jina la Mzee Onduko, baba yake Kemunto wangu, na jarida limeshachapa. Basi leo Jumapili nikapanda hadi Gesima, kwao Kemunto, na baba mdogo, mshenga wangu, kukamilisha maneno ya posa. Nikabeba jarida, na kidudu chenyewe ndani ya kichupa. (Wengine hubeba sukari. Mimi msomi.)

Tukanywa chai. Redio ikazimwa kwa heshima yangu. Nikasimama, nikakohoa, nikamwita baba kwa Kikwetu na kutangaza: "Tata, kuna kiumbe baharini ambacho dunia nzima itakiita kwa jina lako!"

Mzee akaweka kikombe chini.

"Nani amekuambia nimekufa?"

Jamani! Kwetu Kisii mtoto hupewa jina la mtu ambaye ameshazikwa. Nalijua hilo tangu utotoni, mimi mwenyewe nina jina la babu marehemu. Lakini nani angefikiri sheria hiyo inafika mpaka kwa vidudu?

"Ni heshima, Tata. Wataalamu huwapa hata walio hai."

Akakiinua kichupa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mjue kwamba huyu ni mzee wa kanisa, Msabato wa kweli kweli.

"Hii kitu iko na mapezi?"

"Hapana, Tata."

"Magamba?"

"Hapana, ila miguu yake..."

"Basi ni najisi, Biblia imesema! Hata kuiweka kwa sahani yangu siwezi, na wewe unaiita Onduko!"

Nikamgeukia baba mdogo anitetee. Baba mdogo, niliyemnunulia viatu vipya kwa ajili ya siku hii, akasema, "Mimi nilimkataza." Mwongo mkubwa! Njia nzima alikuwa anakisifu.

Kemunto akakimbilia jikoni, amejifunika uso kwa leso. Nikajua analia, moyo ukaniuma. Kumbe anacheka! Nilimsikia mpaka sebuleni.

Mzee akatoa hukumu: nikafute jina kwanza, ndipo nirudi kuposa. Nikamweleza kwamba jina likishachapishwa halifutiki, hata na aliyelitoa. Si ndiyo sheria mliyonifundisha nyinyi?

"Bono, sasa uoe hiyo kitu yako," akasema, akatufungulia mlango.

Tafadhali msicheke. Jina la mzee litasomwa na wataalamu hata sote tukishaoza, na mimi niliyeliandika jaridani siruhusiwi hata kumwita baba mkwe.